RDC: Barabara zinapowaka moto wakati wa uchaguzi, raia anabaki na haki gani?

Siku ya Jumapili tarehe 30 Desemba 2018, wakati Wakongomani wa Kinshasa, Lubumbashi, Goma na Bukavu walipokuwa wakipiga kura, wakaaji wa Beni walipanga foleni yao wenyewe. Katika mtaa wa Ndindi watu waliamka asubuhi, wakanawa mikono kama walivyofundishwa tangu ugonjwa wa Ebola ulipoingia, wakasimama mmoja nyuma ya mwingine na kuweka karatasi zao ndani ya sanduku. Hapakuwa na mashine ya CENI wala mtumishi yeyote wa tume hiyo. Kura zile hazikuingia katika hesabu rasmi, na kila aliyekuwa katika foleni alilijua hilo.

Siku nne kabla, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa imetangaza kwamba mji wa Beni, wilaya ya Beni na mji wa Butembo, katika jimbo la Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi katika jimbo la Mai-Ndombe, havitapiga kura tarehe 30. Uchaguzi wao ulisogezwa hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 na laki 2 waliambiwa wasubiri. Lakini rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, miezi miwili kabla ya zamu yao. Walipopiga kura hatimaye, tarehe 31 Machi 2019, ilikuwa kwa ajili ya wabunge tu. Kura yao ya kumchagua Rais wa Jamhuri haikupigwa kamwe.

Kilichotokea Beni kati ya tarehe 26 na 30 Desemba mwaka ule bado kinafaa kukumbukwa. Ndani ya siku chache mji mmoja ulipitia karibu kila kitu kinachoweza kuharibika wakati wa ghasia za uchaguzi: haki ya kupiga kura, haki ya kuandamana, haki ya mgonjwa kutibiwa kwa amani, na haki ya raia kujua kinachoendelea nchini mwake. Mji huohuo ulionyesha pia kwamba hasira ya watu inaweza kusemwa bila jiwe wala risasi.

Hasira iliyopita hospitalini

Ili kuelewa hasira ile, lazima kukumbuka hali ya Beni mwaka 2018. Tangu Oktoba 2014, mji na wilaya vilikuwa vikizika watu waliouawa kwa mapanga na risasi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka upande wa Mangina. Ugonjwa huo ulidumu karibu miaka miwili, hadi Juni 2020, na kuua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu Kusini.

Hata hivyo maisha hayakusimama. Masoko yalikuwa wazi, watoto walikwenda shuleni, makanisa yalijaa, na wagombea walifanya mikutano ya kampeni mbele ya umati mkubwa. Kwa sababu hiyo, wengi walipoambiwa kwamba foleni ya kupiga kura ndiyo italeta ugonjwa, hawakukubali. Wakaaji waliona kwamba eneo linaloegemea upinzani linatolewa nje ya hesabu.

Tarehe 27 Desemba waandamanaji waliingia barabarani. Askari polisi na wanajeshi walitumia gesi ya kutoa machozi na kufyatua risasi hewani. Katika vurugu hizo, baadhi ya watu walivamia kituo cha Ebola na kuharibu vifaa, na wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa wakakimbia. Timu za wauguzi zililazimika kusimamisha kazi sehemu kadhaa.

Hapo ndipo somo linapokuwa gumu. Waliokuwa barabarani walikuwa na madai ya haki, kwani walinyimwa kura. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani akisubiri matokeo ya damu hakuwanyima kitu. Naye alikuwa na haki ya kuishi na kutunzwa. Muuguzi aliyekimbia kwa kuogopa mawe alikuwa mtoto wa mji uleule. Siku tatu baadaye, foleni ya Ndindi ilisema jambo lilelile lililosemwa na mawe, na ilisikika mbali zaidi: picha za watu wakinawa mikono kabla ya kupiga kura zilionekana duniani kote, zikauliza swali ambalo tume ilipata shida kulijibu.

Miaka minne ya damu

Beni haikuwa peke yake. Kwa Wakongomani wengi, neno uchaguzi limezoea kuja pamoja na neno risasi.

Januari 2015, mswada wa sheria ya uchaguzi uliotaka hesabu ya watu ifanyike kwanza uliwatoa vijana barabarani Kinshasa, Goma, Bukavu na miji mingine. Wengi waliona hiyo ni njia ya kurefusha mamlaka ya Rais Joseph Kabila. Watu waliuawa, maduka yaliporwa, na serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi wa simu. Mwishowe bunge liliondoa kipengele kile.

Septemba 2016, muda wa kuitisha uchaguzi wa rais ulipofika bila CENI kuuitisha, Kinshasa iliwaka tena. Ofisi ya Pamoja ya Umoja wa Mataifa kwa Haki za Binadamu, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa BCNUDH, ilihesabu watu wasiopungua 53 waliouawa katika siku chache, wakiwemo askari polisi 4. Desemba ya mwaka huo, muhula wa Rais Kabila ulipokwisha, ofisi hiyohiyo ilihesabu vifo vingine visivyopungua 40 katika Kinshasa, Lubumbashi, Boma na Matadi.

Makubaliano ya Saint-Sylvestre, yaliyosimamiwa na maaskofu Wakatoliki wa CENCO na kutiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2016, yaliahidi uchaguzi kabla ya mwisho wa 2017. Ahadi haikutimizwa. Ndipo Kamati ya Walei, CLC, ilipoita waamini waandamane baada ya misa tarehe 31 Desemba 2017, kisha 21 Januari na 25 Februari 2018. Watu walitoka kanisani wakiwa na rozari na matawi. Thérèse Kapangala, msichana aliyekuwa akijiandaa kuwa mtawa, aliuawa kwa risasi katika parokia yake Kintambo tarehe 21 Januari. Mwezi mmoja baadaye, mwanaharakati Rossy Mukendi aliuawa katika parokia ya Mtakatifu Benoît, Lemba.

Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 nao uliacha majeraha yake. Masisi na Rutshuru, ambako vita vya M23 vilifukuza watu makwao, hazikupiga kura; Kwamouth pia. Sehemu nyingine vituo vilifunguliwa kwa kuchelewa sana na kupiga kura kukaendelea hata baada ya siku iliyopangwa. Tarehe 27 Desemba polisi walizuia maandamano ya upinzani Kinshasa. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na nafasi nyingine kwa sababu za udanganyifu, vurugu na kukutwa na mashine za kupigia kura.

Taarifa si ombi la ruhusa

Watu wengi hudhani kwamba ghasia zikianza, sheria inakwenda kulala. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kinyume chake.

Kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 26 kinalinda uhuru wa kuandamana. Kinachodaiwa kwa waandaaji wa maandamano ya barabarani au uwanjani ni kuijulisha kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika. Katiba imetumia neno kujulisha, si kuomba ruhusa.

Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo chanzo cha magomvi mengi kati ya wanaharakati na mameya. Amri ya kisheria namba 196 ya Januari 1999, iliyotoka wakati wa Laurent-Désiré Kabila, iliweka mfumo wa ruhusa kwa baadhi ya maandamano. Katiba iliyokuja baadaye, na ambayo iko juu ya sheria nyingine zote, ilibadili mfumo huo. Lakini mazoea hayakufa. Mpaka leo barua ya kujulisha inaweza kurudi na jibu kwamba meya hakuipokea taarifa, na polisi wakaiona hiyo kuwa katazo. Vijana wakitoka wanaambiwa kuwa maandamano yao ni haramu, na nguvu inatumika.

Meya ana kazi halali hapa. Anaweza kuzungumza na waandaaji juu ya njia watakayopita, saa, na jinsi ya kuepuka kukutana na kundi pinzani. Polisi wana wajibu wa kuwasindikiza waandamanaji na kuwalinda. Barua ya taarifa imewekwa kwa ajili hiyo: mamlaka ijue mapema ili ilinde watu na mali. Kuigeuza kuwa kufuli ni kuipindua maana ya Katiba.

Kifungu hichohicho cha 26 kina sentensi nyingine ambayo wanaharakati nao hawapendi kuisoma kwa sauti: hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Katika miji yetu ya mashariki, ambako siku za kufunga mji, zile zinazoitwa « ville morte », zimekuwa silaha ya kawaida ya kudai haki, sentensi hiyo ina uzito. Mama anayeuza mboga ili watoto wale jioni, mwenye pikipiki anayedaiwa pesa ya siku na mwenye chombo, mwanafunzi anayekwenda mtihani, hao wote wana haki ya kufunga au kutofunga. Kumwagia mama ndoo yake ya nyanya kwa sababu alitoka siku ya mgomo ni kuvunja haki vilevile.

Saa 48 za kasho

Jambo linalowapata vijana wengi zaidi kuliko risasi ni kukamatwa. Hapa kifungu cha 18 kiko wazi. Anayekamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa na kosa analoshtakiwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au mwanasheria wake. Kuwekwa kasho hakuwezi kupita saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Na muda wote huo anapaswa kutunzwa kwa namna inayolinda maisha yake, afya yake na heshima yake. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba mwanasheria anaweza kuwa naye tangu hatua ya kuhojiwa na polisi. Kupiga na kutesa ni kosa la jinai kwa sheria ya tarehe 9 Julai 2011 dhidi ya mateso, hata kama aliyepigwa alirusha jiwe kweli.

Je, serikali ikitangaza hali ya dharura au hali ya kuzingirwa? Swali hili si la darasani kwa wakaaji wa Kivu Kaskazini na Ituri, ambao wameishi chini ya utawala wa kijeshi, « état de siège », tangu tarehe 6 Mei 2021. Katika hali hiyo, jeshi lilichukua nafasi ya magavana na mameya, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Baadhi ya uhuru ulibanwa. Ilichukua hadi Oktoba 2023 kwa Rais Tshisekedi kutangaza kwamba masharti hayo yatalegezwa hatua kwa hatua.

Lakini hata hapo Katiba imechora mstari. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo haziguswi kwa hali yoyote: haki ya kuishi, katazo la mateso na la utumwa, kanuni kwamba hakuna kosa wala adhabu bila sheria, haki ya kujitetea na kukata rufaa, katazo la kufungwa kwa ajili ya deni, na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Hakuna gavana, awe raia au jenerali, mwenye uwezo wa kuzifuta.

Askari naye ana kifungu chake

Askari polisi anayesimama barabarani siku ya ghasia mara nyingi hakula tangu asubuhi, mshahara wake ni mdogo, na mbele yake kuna vijana wenye mawe. Hilo halimpi ruhusa ya kuua. Kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto zinasema nguvu itumike pale tu inapokuwa lazima, na kwa kiasi kinacholingana na hatari. Bunduki ni ya kuzuia kifo au jeraha kubwa linalokaribia kutokea, na kabla ya kuitumia lazima kuonya. Aliyeumizwa apatiwe matibabu haraka na familia yake ijulishwe.

Na kama mkubwa ameamuru? Kifungu cha 28 cha Katiba kinajibu: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Mtumishi wa serikali anafunguliwa kutoka wajibu wa kutii pale amri inapovunja waziwazi haki za binadamu. Kifungu hiki kinamlinda askari anayekataa kupiga risasi kwenye umati, na kinamwondolea kisingizio yule anayekubali. Anayekataa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba amri ilikuwa haramu. Kwa hiyo mafunzo ya askari kabla ya uchaguzi ni kazi ya lazima.

Tukio moja la Goma lilionyesha kwamba kuwajibisha kunawezekana. Tarehe 30 Agosti 2023, miezi minne kabla ya uchaguzi, wanajeshi waliwafyatulia risasi wafuasi wa kundi moja la dini waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Watu zaidi ya 50 waliuawa. Kesi ilifunguliwa siku chache baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Goma. Tarehe 2 Oktoba 2023, Kanali Mike Mikombe, aliyeongoza kikosi cha walinzi wa Rais mjini humo, alihukumiwa kifo. Wanajeshi wengine watatu walipewa miaka 10, na wawili wakaachiliwa.

Hukumu ya kifo yenyewe inapingwa na watetezi wa haki za binadamu. Lakini mwendo wa kesi ile ulikuwa tofauti na ule uliozoeleka, ambapo uchunguzi hutangazwa, kamati huundwa, kisha kimya. Familia nyingi za waliouawa mwaka 2015, 2016 na 2018 bado zinaishi ndani ya kimya hicho.

Giza la intaneti

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilikatwa nchi nzima. Ilirudi karibu siku 20 baadaye, matokeo yakiwa yameshatangazwa na Mahakama ya Katiba ikiwa imeshaamua. Masafa ya redio RFI nayo yalizimwa. Maelezo ya upande wa serikali yalikuwa kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yakisambazwa na yangeweza kuleta machafuko.

Hofu ya uongo si ya kupuuzwa. Wakati wa uchaguzi, sauti moja ya WhatsApp inaweza kuchochea kabila moja dhidi ya jingine kwa dakika chache. Nchi ina sheria dhidi ya ubaguzi na ukabila tangu tarehe 7 Juni 1966, na anayechochea chuki anaweza kushtakiwa kwa sheria hiyo bila kuzima simu za watu wote. Giza linapoingia, uongo hauondoki. Unatembea kwa mdomo, na hakuna wa kuusahihisha. Wakati huohuo mwangalizi wa uchaguzi hawezi kutuma alichokiona, mgonjwa hapati pesa ya dawa iliyotumwa kwa simu, na mzazi hajui kama mtoto wake aliye chuo kikuu Kinshasa yuko salama. Goma na Bukavu, walio karibu na mpaka walitafuta laini za simu za Rwanda ili kusoma habari za nchi yao wenyewe.

Yumbi inaonyesha hatari ya giza la namna nyingine, lile la mahali ambapo hakuna anayetazama. Tarehe 16 hadi 18 Desemba 2018, kabla ya uchaguzi, Wabatende na Wabanunu waliingia katika umwagaji damu ambao wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuja kuhesabu vifo visivyopungua 535. Habari zilifika Kinshasa na kwingineko polepole. Ugomvi ulioanzia kwenye kaburi la chifu ulikuta mji uliogawanyika tayari, wakati kampeni ikiendelea.

Waandishi wa habari nao hulipa bei ya giza hili. Stanis Bujakera, mwandishi anayejulikana nchini kote, alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 na kubaki gerezani miezi sita, kampeni na uchaguzi vikapita akiwa ndani. Aliachiliwa Machi 2024.

Ushahidi haungoji

Tukio la haki likivunjwa, saa za kwanza ndizo zenye thamani. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, inapokea malalamiko. BCNUDH, iliyoanza kazi mwaka 2008, huchunguza na kutoa hesabu. Mashirika ya raia na vyama vya wanasheria husindikiza familia. Lakini wote hao wanategemea kile ambacho jirani aliona na kukihifadhi.

Kinachosaidia kesi ni vitu vya kawaida: tarehe, saa na mahali kamili, jina la barabara au alama iliyo karibu, sare waliyovaa waliohusika, namba ya gari, jina la kikosi likijulikana, majina ya mashahidi, yakitunzwa mahali salama na si kwenye kundi la WhatsApp. Majeruhi apate karatasi ya daktari siku ileile. Aliyefariki asizikwe kwa haraka kabla ya daktari kuandika sababu ya kifo, kwa kuwa kesi nyingi zimekwama hapo. Picha na video zihifadhiwe kama zilivyopigwa, bila kukatwa wala kuongezewa muziki, na uso wa mtoto au wa aliyebakwa usionyeshwe hadharani.

Kwa kijana aliyekamatwa, jamaa waandike saa aliyokamatwa, kwa sababu hesabu ya saa 48 inaanzia hapo. Waulize yuko wapi na kwa kosa gani, wamtafute mwanasheria au shirika linalosaidia bila malipo. Kasho ya polisi haina bei ya kutokea. Anayelipa ili mtoto atoke anaeleweka, lakini pesa ile hununua pia kukamatwa kwa kijana mwingine kesho.

Kwa kuwa makosa ya askari polisi na wanajeshi huhukumiwa na mahakama za kijeshi, kama kifungu cha 156 cha Katiba kinavyosema, malalamiko yapelekwe kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, na familia inaweza kujiunga na kesi ili kudai fidia. Watetezi wenyewe wana ulinzi wa sheria: Kivu Kusini ilipitisha amri ya jimbo juu ya watetezi wa haki na waandishi wa habari mwaka 2016, na sheria ya taifa ikafuata Juni 2023. Sheria hiyo inawapa watetezi haki na pia inawawekea wajibu.

Kabla ya 2028

Uchaguzi ujao wa rais, kwa hesabu ya Katiba, ni wa mwaka 2028. Unaweza kuonekana uko mbali, hasa kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa M23 Januari na Februari 2025, au kwa aliye kambini asiyejua kama atarudi Masisi. Lakini mjadala wa kubadili Katiba, uliochochewa na Rais Tshisekedi alipozungumza Kisangani Oktoba 2024, umekwisha kuwasha maneno. Historia ya 2015 inaonyesha kwamba ghasia za uchaguzi huanza miaka mingi kabla ya siku ya kura, pale watu wanapoanza kuamini kwamba kura yao haitakuwa na maana.

Historia hiyo ina kejeli zake pia. Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa CENI na aliyetangaza mwaka 2018 kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura, leo ndiye kiongozi wa muungano wa AFC ulio pamoja na M23. Waliokuwa madarakani jana wanashika silaha leo, na waliokuwa upinzani jana wanatoa amri kwa polisi leo. Haki za raia zikitegemea nani yuko juu, hazitadumu.

Kwa sababu hiyo kazi ya kuzilinda haingoji mwaka wa uchaguzi. Polisi wapate mafunzo na vifaa visivyoua kabla umati haujatoka. Mameya waache kuigeuza taarifa kuwa ombi. CENI, ikilazimika kuahirisha kura mahali fulani, ieleze sababu mapema na kwa uwazi, na ihakikishe kura hizo zinapigwa kabla ya mshindi kutangazwa. Viongozi wa dini, wa mitaa na wa vijana wakubaliane mapema kwamba hospitali, shule na magari ya wagonjwa hayaguswi, kwa hasira yoyote ile.

Tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanayoumia. Wakaaji wa mashariki hawahitaji kuelezwa methali hiyo. Foleni ya Ndindi haikubadili matokeo ya 2018. Lakini watu waliosimama pale walirudi nyumbani bila jeraha, wakiwa wametumia haki ambayo tume, ugonjwa na bunduki vilishindwa kuwanyang'anya kabisa.